Pumba Ambayo Hukuipanga

Mwalimu Mchome,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza na wewe bila shikamoo, hata leo ambapo nimekujia na hasira.

Nikupe habari kwanza, maana ulikuwa hupendi mtu aingie ofisini na kumwaga shida yake kabla hajakaa. Mwezi wa nane huu tangu gari lililokubeba liondoke Tangini kwenda kukuzika Same. Sikupanda. Nilisimama getini kwenu na kina mama wa jumuiya, tukaimba mpaka gari likapotea, halafu nikarudi ndani kuosha masufuria kwa sababu niliambiwa nafasi zimejaa. Baadaye nikasikia viti viwili vilikwenda vitupu. Aliyeniambia zimejaa ni Mwalimu Kisanga wa historia. Hilo nimeliweka moyoni.

Kiti chako cha ofisini, chenye mto wa kitenge aliokushonea mkeo, Mama Elia, Kisanga huyohuyo alikikalia siku ya kumi. Akasema mgongo unamsumbua. Mgongo gani huo unaosubiri msiba ndipo uanze kuuma?  Mimi nimepewa vipindi vyako vya uchumi, kidato cha tano na cha sita, pamoja na ufunguo wa kabati usiofungua kabati lolote.

Unajua nilivyo. Mama yangu anasema nilizaliwa nimekunja uso, na muuza samaki wa Misugusugu akiniambia samaki ni wa leo namfunua huyo samaki mashavu mbele ya watu. Lakini ni wewe uliyenifundisha kushuku kwa utaratibu. "Ukiambiwa jambo, jiulize nani anafaidi ukiliamini." Ulituambia hivyo mpaka tukawa tunalisema usingizini. Sasa nimelitumia kwako, Mwalimu, na nilichokipata hakikunifurahisha.

Wewe mwenyewe ulikuwa ukijitania kwamba Mpare hakosi kesi. Basi na mimi nina kesi na wewe. Tuweke kanuni mezani kwanza, usije ukaniruka.

Jumatatu ya kwanza kabisa, sisi kidato cha tano, sare zina mikunjo ya dukani, uliingia ukaandika jina lako ubaoni ukatuambia kwamba kila wiki utatudanganya mara moja. Katika yote utakayofundisha kutakuwa na pumba moja ndani ya mchele, na kazi yetu ni kuitafuta. Ijumaa kila mtu anaandika kwenye kikaratasi pumba ni ipi na kwa nini, anatumbukiza kwenye boksi la chaki. Atakayeitaja bila sababu anapata sifuri sawasawa na aliyesinzia. Jumatatu unaitaja mwenyewe, unaifuta, unaandika iliyo sahihi. Pumba moja tu kwa wiki. Mengine yote, ulisema, ni juhudi yako ya kweli, na ukikosea utasema umekosea.

Hilo la mwisho ulilisema. Nakumbuka hata shati ulilovaa.

Na tulikusadiki, kwa sababu ulikuwa na mambo yako ambayo walimu wengine hawakuwa nayo. Ulituruhusu tubishane kwa Kiswahili, ijapokuwa ukutani palikuwa na tangazo la kukataza, ukisema mtu hawezi kufikiri kwa lugha anayoiogopa. Tukishachoka kubishana ndipo tunaandika kwa Kiingereza. Ulikuwa unatugawa makundi mawili, hawa watetee ushuru wa mazao, wale waupinge, na watu wakishapandisha mori kweli unatuamuru tubadilishane upande. Nilikuwa nakuchukia siku hizo. Nilikwishatafuta hoja zote za kuumaliza ushuru, halafu unanigeuza wakili wake.

Sasa Jumatatu yangu. Ilikuwa muhula wa pili, unafundisha bei, na ukasema bila hata kututazama kwamba bei ikipanda muuzaji anafaidi. Mimi mama yangu alikuwa anauza mkaa kando ya barabara Misugusugu, kwa kopo na kwa gunia. Msimu ule bei ilikuwa imepanda kweli, na nyumbani tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Gunia lilikuwa linamfikia likiwa tayari ghali, kwa sababu huko linakotoka walikuwa wamebana vibali vya kuchoma na njiani ushuru umeongezeka. Na yeye akipandisha kopo, wateja wanakwenda kwenye gesi. Kwa hiyo nikaandika kwamba lazima tuulize kwanza bei imepanda kwa sababu gani, na imepandia wapi. Ikiwa imepanda kabla ya kumfikia muuzaji, muuzaji anaumia, na mama yangu ni shahidi.

Jumatatu ulisimama na kikaratasi changu mkononi, ukakaa kimya kidogo. Halafu ukatabasamu.

"Monika kaiona. Hiyo ndiyo pumba."

Darasa zima likanipigia makofi, mimi binti wa mkaa niliyekuwa nasugua kucha kwa brashi kabla ya kuja shule. Nilimwambia mama, akacheka, akasema basi angalau mkaa umetoa kitu mwaka huu. Kwa ajili ya Jumatatu ile nilikwenda kusoma uchumi chuoni. Kwa ajili yake niliomba nipangiwe Kibaha, kwako, ukanishika mkono miaka minne mpaka figo zikakulaza. Mtu akiniuliza kwa nini mimi ni mwalimu, namsimulia mkaa. Hata siku ya usaili niliwasimulia.

Ulipoondoka nikaiendeleza pumba ya wiki. Boksi la chaki ni lilelile, nimelibandika gundi pembeni. Nilidhani kazi ngumu itakuwa kuwazuia wasitafute majibu kwenye simu wanazoficha ndani ya magodoro. Maana wiki moja nilipata vikaratasi tisa vyenye maneno yaleyale, mpaka mkato ulipo. Nikawapa swali ambalo simu hailijui: nendeni mkamuulize mama wa maandazi pale nje kwa nini hajapandisha bei ilhali ngano imepanda, kisha mniambie kama anawadanganya. Wakarudi na majibu thelathini tofauti. Siku hiyo nilitamani kukupigia simu. Namba yako bado sijaifuta.

Hayo ndiyo mazuri yote niliyo nayo. Sasa aibu.

Wiki moja pumba niliyoipanga ilikuwa kwamba watu wengi wakikosa kazi, mishahara hupanda. Nyepesi kidogo, nilitaka wale waoga nao wapate. Nikaiandika kwenye andalio langu la somo kama ulivyonizoesha. Alhamisi, nikiwa natoa mfano wa jambo jingine kabisa, nikasema mkulima akivuna mara mbili, mapato yake yanakuwa mara mbili. Nikachora na gunia ubaoni. Nikaendelea mbele, sikusikia hata nilichokisema.

Mwalimu, mada hiyo niliwafundisha mwenyewe kidato cha sita muhula uliopita. Nilichora kwamba vyakula vikijaa sokoni bei huanguka kuliko mavuno yalivyopanda, na mkulima anaweza kurudi nyumbani na pungufu. Chuoni nilipata alama ya juu katika hilo. Kumbe nililijua kwa ajili ya mtihani tu. Kichwani mwangu, nikiwa sichungwi, mavuno mengi bado yalikuwa utajiri.

Ijumaa nikafungua boksi. Wengi waliandika mishahara. Kikaratasi kimoja, cha binti anayeitwa Zuhura, kilisema hivi: "Pumba ni mavuno. Baba alivuna mananasi mara mbili akapata pungufu ya mwaka wa nyuma, kwa sababu Kurui nzima walivuna mara mbili na wanunuzi walikuwa walewale." Zuhura ni wa Kurui huko Kisarawe, anakaa dawati la nyuma, na tangu aingie kidato cha tano sikuwahi kumsikia akisema sentensi ndefu.

Nilisoma mara ya kwanza nikasema huyu kachanganya. Nikasoma mara ya pili, masikio yakapata moto.

Na unajua nilifanya nini? Jumatatu nilisimama palepale ulipokuwa ukisimama, nikatabasamu, nikasema safi sana Zuhura, hiyo ndiyo pumba yenyewe. Wakampigia makofi. Halafu mmoja akauliza, na ile ya mishahara je, Madam? Nikajibu bila kumeza mate kwamba wiki hii nilipanga mbili, nilitaka kuona kama wako macho.

Nimedanganya katika maisha yangu, sikatai. Lakini uongo wa namna hiyo, laini, uliokuja umekwishavaa nguo, sikuwahi kuusema.

Wakafunga madaftari taratibu. Wewe uliwazoesha wakubwa zao na mimi nimewazoesha hawa: mtu akibadili kanuni baada ya mchezo, uliza anafaidi nini. Ijumaa iliyofuata nilipata vikaratasi vinavyodai pumba nne, tano, mmoja akaandika saba, na vingine vilitaja mambo ya kweli kabisa, hata maana ya bei waliishuku. Ijumaa ya tatu vikaratasi vilikuwa kumi na viwili kati ya watu thelathini na mmoja. Cha Zuhura kilikuwa na maneno mawili tu: "Sijui tena."

Nilikaa nacho ofisini mpaka kengele ya chakula ikalia. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hukuwahi kunieleza. Pumba inafundisha kwa sababu ya yale mengine tisini na tisa ambayo mwalimu ameapa kwamba ni juhudi yake ya kweli. Ukilivunja hilo, aliyebaki mbele ya darasa ni mtu mwongo mwenye chaki. Na hawa wana mtihani wa taifa mwakani, na baada ya mtihani wana maisha ya kuambiwa mambo na watu wenye sauti kubwa. Wakitoka kwangu wakiwa hawaamini chochote, nimewaharibu vilevile kama ningewafundisha kuamini kila kitu.

Ungedhani hapo ningekwenda kuwaambia ukweli. Thubutu. Nilianza kumshuku mtoto.

Nikajiambia hili si lake. Binti asiyefungua mdomo, ghafla ananikamata mimi? Lazima kuna aliyempa. Na Kisanga anawafundisha historia haohao, na Kisanga anataka cheo cha uratibu wa taaluma, mimi nikiaibika yeye anafaidi, na Alhamisi ile nilimwona kasimama dirishani. Nikaona kila kitu kimekaa sawa. Jumamosi nikaaga nyumbani kwamba nakwenda kutembelea wazazi wa wanafunzi, nikaondoka alfajiri. Gari mpaka Kisarawe mjini, jingine linalongoja lijae, halafu bodaboda kwenye mchanga, natafuta ushahidi dhidi ya mtoto wa miaka kumi na minane. Uliwahi kuona mwalimu wa namna hiyo?

Baba yake anaitwa Mzee Pazi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaagiza nikaribishwe kigoda, halafu akaniuliza binti kafanya nini. Nikamwambia hajafanya kitu. Akanitazama. Akauliza kama ni mimba. Nikasema hapana mzee, nimekuja tu kufahamiana. Akaniambia kwa upole kwamba kutoka Kibaha mpaka pale hakuna mtu anayekuja kufahamiana. Tukakaa tunashukiana hivyo, mimi na yeye, mpaka chai ikaletwa. Mke wake alisimama mlangoni na upande wa khanga mdomoni, anasubiri habari mbaya.

Nikaleta mambo ya kilimo kwa kuzungukazunguka. Nikauliza mananasi yanalipa siku hizi? Hapo akalegea. Akanipeleka shambani kunionyesha, na bila kuulizwa akanisimulia msimu ambao mvua ilikuja vizuri kwa kila mtu. Wanunuzi walikuwa wanapita na magari yao hawashuki hata, wanatazama marundo kwa dirishani na kutaja bei ya dharau, na ukikataa wanasogea kwa jirani ambaye naye ana rundo.

"Mwalimu, mwaka ule mananasi yalizidi mpaka mbuzi wakayasusa."

Zuhura alikuwa ndiye anayeyabeba kuyatupa bondeni, akasema, yeye na mama yake, wiki nzima, na harufu ilikaa nyumbani mpaka mwezi wa pili. Mzee alimwambia mtoto siku hiyo asome, atoke pale.

Kisanga hakuwa na sehemu yoyote katika hilo. Nilipewa mananasi mawili ya kurudi nayo na sikuweza kuyakataa wala kuyala. Yule mzee alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda, na kwa jinsi alivyokuwa ananitazama najua bado haamini kwamba binti yake hajafanya kitu.

Njiani nilikuwa na wakati wa kufikiri. Lililonisumbua sana lilikuwa ule wepesi. Mbona uongo ule ulinitoka vizuri hivyo? Kimya kidogo, tabasamu, jina la mwanafunzi, hiyo ndiyo pumba. Mtu habuni vitu vya namna hiyo papo kwa papo. Nilikuwa nimeviona mahali. Nilikuwa nimevihifadhi, pamoja na tabasamu, na urefu wa kile kimya. Vilikuwa vyako, Mwalimu.

Nilipinga. Nakuapia nilikutetea siku nzima. Nikasema wewe si mimi.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Tangini. Mama Elia hajambo, kapungua, sukari inapanda na kushuka. Nilimwomba nione madaftari yako ya maandalio, nikamdanganya kwamba natafuta mfano wa azimio la kazi. Akasita. Tangu uondoke wamekuja watu wengi, mmoja anataka vitabu, mmoja anasema kompyuta ilikuwa ya shule, mwingine eti alikuazima jembe. Akanitolea lile sanduku la bati, akavuta kigoda akakaa mkabala nami, akakunja mikono, asiondoe macho. Sikukasirika. Nilikuwa mwizi kweli, ila sikujua ninachokuja kuiba.

Umeyapanga kwa miaka. Mwaka wetu upo. Kila wiki umeandika pumba kwa kalamu nyekundu na chini yake majina ya waliokukamata. Nikafunua mpaka muhula wa pili, mada ya bei. Pumba ya wiki hiyo, kwa nyekundu: chumvi ikipanda bei, watu huacha kula chumvi. Chini yake umeandika: hakuna aliyeiona, nitaisahihisha kwenye marudio. Mkaa haupo. Mkaa haumo katika andalio lote.

Kisha pembeni, kwa penseli, mwandiko wako ule wa haraka:

"Monika, mkaa. Sikuliona hili. Nimwambie?"

Mama Elia akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona jina langu. Akasema basi alikuwa anakutaja sana, na mimi nikalia pale mbele ya sanduku, na yeye akadhani nalia msiba.

Nimwambie? Na alama ya kuuliza. Miaka kumi na miwili, Mwalimu. Nilikuwa nakaa nawe chai ya saa nne kila siku. Nilikuletea uji hospitali. Ulinisikia nikiwasimulia walimu wageni habari ya mkaa, si mara moja, jinsi nilivyoigundua pumba ya Mwalimu Mchome, na wewe umekaa kwenye kiti chako chenye mto unakoroga chai. Ulikuwa unaangalia nini kwenye kile kikombe?

Nikakaa usiku huo nakushuku kila mahali. Ni wangapi wengine? Wangapi walikukamata kweli ukawapa tabasamu? Nilirudi Tangini siku ya pili nikafunua madaftari yote, nikitafuta penseli. Nimekuta mara nne tu, katika miaka yote hiyo. Nne si nyingi, najua. Kwa nyingine tatu umeandika "nimemwambia". Yangu peke yake ndiyo imebaki na alama ya kuuliza.

Kwa nini yangu? Nimetafuta majibu mpaka nimechoka. Labda kwa sababu darasa lilikwishapiga makofi na hukutaka kuyapokonya. Labda uliniona na kucha zangu ukafikiri kushinda mchezo kutanitosha. Labda uliona haya kwamba binti wa muuza mkaa alikuwa anajua kuhusu bei kitu ambacho wewe, na shahada yako, hukuwa umekifikiri. Hilo la tatu ndilo ninaloliamini, kwa sababu ndilo nililohisi mimi mbele ya kikaratasi cha Zuhura. Na nakuhurumia, na bado nina hasira. Ulinipa zawadi ndogo ili usinipe kubwa. Uliniacha niamini kwamba niliokota kitu ulichoniachia njiani, ilhali nilikuwa nimekitoa mwenyewe, kichwani mwangu, nikiwa na njaa, na mwalimu wangu hakuwa nacho. Unajua ningetembea vipi duniani kama ningelijua hilo nikiwa na miaka kumi na minane? Nisingekudharau. Hapo ndipo ulipokosea hesabu. Ningekupenda mpaka ukome.

Ijumaa iliyofuata nikaingia darasani bila boksi. Nikawaambia. Kwamba ile ya mavuno sikuipanga. Kwamba nilikosea, kisha nikadanganya ili nisionekane nimekosea, kisha nikadanganya tena kuhusu mbili. Kwamba Zuhura hakuitafuta pumba yangu, alinisahihisha mimi, na kwamba alijua jambo ambalo mwalimu wake alikuwa amelisahau, na kalijua kwa kubeba mananasi bondeni. Nilitegemea, sijui, nilitegemea pengine watanionea huruma.

Zuhura akanyoosha mkono. Sikumbuki kumwona akinyoosha mkono kabla ya siku hiyo.

"Madam, na hii ya leo siyo pumba?"

Mwalimu, nilisimama pale nikaona jinsi nilivyofika mbali. Mtoto hata ungamo haliamini, na yuko sahihi, ndivyo tulivyomfundisha. Kwa nini aniamini? Ningeapa kwa Mungu, angeuliza ninafaidi nini.

Kwa hiyo sikuapa. Nilichukua andalio langu nikampelekea mpaka dawati la nyuma, nikamfungulia ukurasa wa wiki ile, nikarudi ubaoni nikageuka nikawapa mgongo. Nikawasikia wanasogeza viti, wanainamia, wanasoma mwandiko wangu. Mishahara ipo, kwa nyekundu. Mavuno hayapo. Wakakagua na tarehe, na wino, mmoja akalipeleka dirishani kwenye mwanga kuona kama nimefuta kitu. Sikuwahi kuwa na aibu kama ile, na wala sikutaka iishe haraka.

Walipomaliza Zuhura akaniletea daftari mwenyewe. Hakutabasamu. Alisema tu kwamba hata baba yake hakujua kwa nini bei ilianguka vile, yeye alidhani wanunuzi ni watu wabaya, na je, naweza kumwandikia lile la mavuno kwa Kiswahili ampelekee akienda likizo. Nikasema nitaandika. Nikasema tutaandika pamoja, kwa sababu ile sehemu ya wanunuzi wasioshuka garini mimi siijui, na sidhani ipo kwenye kitabu chochote nilichosoma.

Tumeweka kanuni mpya. Kila Jumatatu naandika pumba ya wiki, naitia ndani ya bahasha, naifunga kwa gundi na wote wanasaini juu yake. Nilitaka Zuhura aishike, akakataa, akasema naye atashukiwa. Monita wakamkataa wao. Mwisho wakaamua ibandikwe juu ya ubao, isikae na mtu yeyote. Jumatatu inayofuata inafunguliwa mbele ya wote. Na kama kikaratasi kimetaja kitu ambacho hakimo ndani ya bahasha, na kitu hicho ni kosa kweli, mwanafunzi anaandika jina lake kwa chaki ubaoni na mimi nasema kwa sauti: hili sikulijua. Wiki hii majina ni mawili. Nimesema mara mbili, na mara ya pili ilikuwa rahisi kidogo.

Daftari lako nimelirudisha kwenye sanduku. Sikuigusa ile penseli, sikuongeza neno. Mama Elia amesema Desemba nitafuatana naye Same, na safari hii kiti nimekilipia mwenyewe.

Nakuahidi jambo moja, na unishikilie hapo. Mwanafunzi akiona mahali ambapo mimi sioni, nitamwambia siku hiyohiyo, kabla sijapata nafasi ya kutabasamu. Hakuna mtoto atakayetoka kwangu akiwa haijui nguvu yake mwenyewe.

Pumzika, Mwalimu wangu. Ulikosea, nilikukamata, na bado nakulilia.

Monika